Rwamgasa: Pa kula samaki na watoto, na swali la kuuliza kabla ya kuagiza

Rwamgasa, wilayani Geita, haina ziwa wala mwalo, lakini samaki hawakosekani. Mchana mmoja ukizunguka kwenye vibanda vya mama lishe utamkuta sato wa kukaanga juu ya sinia, sangara wa kipande akichemka kwenye mchuzi wa nyanya, na dagaa wakavu wakisubiri kitunguu. Pembeni kuna ugali wa dona, ugali wa muhogo, wali, maharage na mlenda. Ukibahatika utapata michembe au matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa kwa namna ya Kisukuma, ambavyo mtoto anaweza kutafuna njia nzima.

Mgeni anayekuja na familia, kumtembelea ndugu aliyeko machimboni au akiwa safarini, hana sababu ya kulala njaa hapa. Samaki wa Kanda ya Ziwa wana sifa, na mama lishe wa Geita wanajua kuwapika. Ila Rwamgasa ni mji wa dhahabu, na dhahabu ya wachimbaji wadogo kwa miaka mingi imekamatwa kwa zebaki. Kwa hiyo mzazi anapoketi na watoto mezani, swali la bei hufuata nyuma ya swali lingine: samaki huyu katoka wapi?

Zebaki inavyofika kwenye sahani

Mchimbaji husaga mawe kwenye karasha, huosha mchanga, kisha huweka zebaki ili ishike chembe za dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa. Zebaki hugeuka mvuke na kupaa, dhahabu hubaki. Mvuke huo hauna rangi wala harufu ya kumshtua mtu, na anayeuvuta kwanza ni yule anayechoma pamoja na walio karibu naye.

Zebaki nyingine hubaki kwenye mchanga uliooshwa, ambao mvua huusukuma kwenye vijito, mabwawa na madimbwi. Kwenye tope, vijidudu visivyoonekana kwa macho huigeuza kuwa aina nyingine ya sumu inayoingia kwenye miili ya viumbe vya majini. Mdudu mdogo huibeba kidogo. Samaki anayekula wadudu wengi hujikusanyia zaidi, na samaki anayekula samaki wenzake hujikusanyia zaidi ya wote. Sumu hiyo hujificha ndani ya nyama yenyewe. Kumwosha kwa ndimu, kumkaanga hadi awe mkavu au kumchemsha saa nzima hakuiondoi.

Rwamgasa si mahali pa kubahatisha kuhusu jambo hili, maana palipimwa. Kati ya mwaka 2002 na 2007 Umoja wa Mataifa uliendesha mradi wa zebaki katika nchi 6, Tanzania ikiwa mojawapo, na Rwamgasa ikachaguliwa kuwa eneo la mfano nchini. Wataalamu walichukua sampuli za maji, udongo, mazao na samaki, na wakawapima watu. Waliohusika kuchoma dhahabu ndio waliokuwa na zebaki nyingi mwilini. Samaki wa Ghuba ya Nungwe, upande wa Ziwa Victoria, walionekana kuwa na zebaki kidogo, huku baadhi ya samaki waliotoka karibu na machimbo wakiwa na kiwango cha juu zaidi.

Kwa mzazi, hapo pana habari njema na onyo kwa pamoja. Samaki wa ziwani anafaa kuliwa. Aliyevuliwa kwenye dimbwi la karibu na makarasha ndiye wa kumwogopa.

Somo kutoka Japani

Hakuna taifa linalojua habari hii kwa uchungu kama Japani, nchi ambayo samaki ni chakula cha kila siku, mbichi kwa wapikwao. Katika mji wa Minamata, kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga maji machafu yenye zebaki kwenye ghuba. Paka waliokula samaki wa hapo walianza kuyumba na kufa. Kisha ikawa zamu ya watu. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956: mikono kutetemeka, macho kupoteza nuru, ulimi kuwa mzito.

Lililowaumiza zaidi wazazi lilikuja na watoto wachanga. Kina mama walioonekana wazima, au wenye dalili ndogo tu, walijifungua watoto wenye ulemavu mkubwa wa ubongo. Sumu ilikuwa imepita kwa mama na kumwangukia aliye tumboni. Ndiyo maana leo ushauri wote kuhusu zebaki na samaki huanza na mjamzito, mama anayenyonyesha na mtoto mdogo.

Hata hivyo Wajapani hawakuacha kula samaki. Ghuba ilisafishwa, na mwaka 1997 samaki wake wakatangazwa kuwa salama tena. Mwaka 2005 serikali yao ilitoa mwongozo kwa wajawazito kuhusu aina za samaki wakubwa wa kula kwa kiasi, huku ikiwahimiza waendelee kula samaki kwa sababu wana faida nyingi. Mkataba wa dunia wa kupunguza zebaki, uliosainiwa mwaka 2013, umepewa jina la Minamata, na Tanzania ni mwanachama wake. Mchimbaji wa Rwamgasa na mvuvi wa Japani hawajawahi kuonana, lakini wanahusika na mkataba mmoja.

Pa kuketi

Vibanda vya Rwamgasa viko vya aina tatu.

Vya kwanza ni vile vya katikati ya mji, kando ya barabara na karibu na maduka. Hapa mama lishe hupikia wasafiri, walimu, wenye maduka na bodaboda. Mtaji wake ni mteja anayerudi kesho, kwa hiyo samaki huisha siku hiyohiyo. Familia iketi hapa.

Vya pili hufuata kazi: viko jirani na makarasha na sehemu za kuosha mchanga. Chakula chake kinaweza kuwa kitamu kuliko cha mjini, maana mchimbaji akitoka shimoni hataki mzaha na tumbo lake. Lakini vumbi la mawe hutua kwenye sufuria, maji ya kuoshea vyombo yanaweza kuwa yaleyale ya karibu na machimbo, na huwezi kujua nani anachoma dhahabu nyuma ya ukuta. Mtu mzima atajiamulia. Mtoto na mjamzito wasipelekwe huko, hata kwa sahani moja.

Vya tatu ni vya jioni: karai la mafuta, taa, na sato waliochanjwachanjwa wakipangwa kwenye meza pamoja na ndizi au chipsi. Watoto hupapenda hapa. Fika mapema mafuta yakiwa bado safi, chagua samaki kabla hajakaangwa, umtazame macho na matamvua. Macho yakiwa yamezama na matamvua yamekuwa ya kijivu, hama meza.

Mwenye muda afike Katoro, mji wa biashara uliokua haraka, wenye soko kubwa na uchaguzi mpana wa vyakula kuliko Rwamgasa. Wataalamu waliopima afya za watu wa Rwamgasa walitumia wakazi wa Katoro kulinganisha, kwa kuwa huko hapakuwa na uchimbaji wa namna ileile. Anayeelekea Geita mjini naye atapata hoteli zenye meza za kukaa familia nzima na bomba la kunawia mikono.

Swali lenyewe

Kumuuliza mama lishe samaki katoka wapi si utovu wa adabu. Kuna namna ya kuuliza. Anza na salamu, hasa ya kwao: "Mwangaluka, mayu." Akishaitika na kutabasamu, endelea: "Mama, samaki wa leo ni wa wapi?" Mwenye samaki wa ziwani hujibu bila kusita, mara nyingi akitaja na mwalo, awe wa Nkome au wa Chato, maana kwake hiyo ni sifa ya biashara. Akijibu, "Ni wa hapahapa tu, mwanangu," mshukuru, uagize maharage.

Baada ya mahali, angalia aina.

Dagaa ndio chaguo la kwanza kwa watoto. Ni wadogo, wanaishi muda mfupi na wanakula viumbe vidogo sana vya majini, kwa hiyo hawapati nafasi ya kukusanya sumu nyingi. Huliwa na mifupa yake, na mifupa hiyo ni madini ya chokaa kwa mtoto anayeota meno. Ila hakikisha hawakuanikwa chini kwenye vumbi la mji wa machimbo. Dagaa wa kununua wakavu waoshwe kwa maji safi mara mbili tatu kabla ya kukaangwa.

Sato wa ziwani au wa kufugwa anafuata. Hula zaidi mwani na vidudu vidogo, na miba yake ni mikubwa, rahisi kuitoa kwenye sahani ya mtoto.

Sangara ni mwindaji. Anaweza kufikisha kilo 200, na amefika huko kwa kula samaki wenzake. Kipande cha sangara wa wastani hakina neno. Sangara mkubwa sana awe chakula cha mara mojamoja, hasa kwa mama mjamzito.

Kambale na kamongo ni watamu na wana wapenzi wao Usukumani. Lakini ni samaki wa matope, na ndio hupatikana kirahisi kwenye mabwawa na madimbwi. Wakitoka ziwani au kwenye bwawa la mbali na machimbo, sawa. Wakitoka kwenye maji ya Rwamgasa yenyewe, waachwe. Watoto wanaovua kwa ndoano baada ya shule wanahitaji kuambiwa hivyohivyo, na kuambiwa sababu, ili wasije wakachoma samaki kichakani kwa siri.

Na samaki aive. Wajapani hula samaki wabichi, wengi wao wa baharini, kwa utaratibu mkali wa kuwachagua na kuwagandisha. Samaki wa maji baridi anaweza kubeba minyoo, na kibanda hakina friji ya kufanya kazi hiyo. Moto ndio usalama wake.

Anayepika nyumbani

Familia nyingi za Rwamgasa hazili kibandani, zinapika kwao. Huko ndiko hatari kubwa zaidi inakoweza kujificha, na hailetwi na samaki. Inaletwa na baba au mama anayechoma dhahabu jikoni, kwenye jiko lilelile la ugali, mtoto akiwa amelala mkekani. Mvuke huganda kwenye kuta, paa, vyombo na nguo, na kuendelea kutoka polepole siku zinazofuata.

Dhahabu isichomwe nyumbani, hata kidogo, hata mara moja. Kikaango, kijiko au sufuria iliyoshika zebaki isirudi tena kwenye chakula. Nguo za machimboni zivuliwe nje na zifuliwe peke yake. Chupa ya zebaki isiwekwe mahali pa mtoto kufika, maana inang'aa na kuviringika kama kitu cha kuchezea. Wachimbaji wanaoendelea kuitumia watumie chombo cha kufungia mvuke, kiitwacho ritoti, na wakifanye kazi yao mbali na makazi.

Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, lina kituo cha mfano hapohapo Lwamgasa, kama wengine wanavyoliandika jina hili, cha kuwafundisha wachimbaji wadogo uchenjuaji bora usiotegemea zebaki. Njia hizo nazo hutumia kemikali kali, kwa hiyo si mahali pa watoto, lakini ni hatua ya kuitoa zebaki majumbani. Na mtu akiona mikono inatetemeka bila sababu, usingizi umepotea, au mtoto anachelewa kukaa na kutembea, aende kituo cha afya na aseme wazi kwamba nyumbani kuna kazi ya dhahabu. Daktari asipoambiwa anaweza kutibu malaria isiyokuwepo.

Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema wakimaanisha malezi. Mtoto wa Rwamgasa akizoea tangu mdogo kuuliza samaki katoka wapi, ataendelea kuuliza atakapokuwa mama, na atakapokuwa mchimbaji. Kwa sasa, kwa anayefika leo mchana: katikati ya mji, mama lishe mwenye sufuria zilizofunikwa, dagaa wa nyanya kwa watoto, sato wa ziwani kwa wakubwa, ugali wa muhogo wa moto, na maji yaliyochemshwa. Familia itashiba, na dhamiri ya mzazi itatulia.