Uzigua katika Viwanja vya Berlin

Ndugu msomaji wa Handeni na Korogwe, ukijaliwa kufika Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, usivitazame viwanja vyake kama mgeni asiyehusika. Jina la nchi yako lilitajwa huko zamani.

Anzia uwanja wa Pariser Platz, penye Lango la Brandenburg lililomalizika kujengwa mwaka 1791. Ukifuata barabara ya Wilhelmstraße kuelekea kusini, utapita mahali lilipokuwa jumba la Bismarck. Humo mataifa makubwa yalikutana tangu Novemba 1884 hadi tarehe 26 Februari 1885, yakawekeana masharti ya kuinyakua Afrika. Kesho yake Kaisari Wilhelm wa Kwanza alitoa hati ya ulinzi juu ya nchi nne ambazo Carl Peters alidai kuzipata kwa mikataba: Usagara, Nguru, Ukami na Uzigua. Hivyo ndivyo Uzigua, nchi iliyo na Handeni ndani yake, ilivyotiwa mikononi mwa kampuni ya Kijerumani kwa wino tu. Reli ikafuata: kutoka Tanga, ilifika Korogwe mwaka 1902.

Sasa panda treni ya chini ya ardhi uende kaskazini, mtaa wa Wedding. Huko zipo barabara ziitwazo Tanga na Usambara, na uwanja uliokuwa na jina la Nachtigal, mjumbe aliyeitangaza Kameruni kuwa chini ya Ujerumani mwaka 1884. Barabara ipitayo uwanjani hapo ilipewa jina la Peters mwaka 1939. Mwaka 1986 wakuu wa mji walisema kwamba sasa anakusudiwa Peters mwingine. Jina likabaki lilelile! Wananchi hawakuchoka kudai. Mwaka 2022 uwanja ukaitwa Manga Bell, kwa heshima ya Rudolf, mfalme wa Waduala aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1914, na mkewe Emily. Mwaka 2024 jina la Peters likaondolewa, na sehemu moja ya barabara ikaitwa Maji Maji.

Kibao cha barabara hakirudishi ardhi wala uhai. Hata hivyo, mtoto wa Berlin apitaye hapo atauliza, naye atajibiwa. Je, mwanao wa Handeni au Korogwe akikuuliza habari za Bwana Heri wa Saadani, aliyepambana na Wajerumani hadi mwaka 1890, utamjibu nini?