Taa zilizoinama: safari ya Iringa, sehemu ya 3

Leo watoto wamelala mapema na mi sina zamu, kwa hiyo tuendelee. Sehemu ya 2 niliwaacha Makambako, tunakunywa chai na maandazi huku giza linaingia. Mmenijaa inbox: "Sista, ilikuwaje mpaka ukasema mlinusurika kuua mtu?" Haya, nasimulia. Leo si uji wala chanjo, ni taa za gari. Usipitilize ukasema huna gari. Unapanda la mtu, na mwanao anapanda.

Gari letu wa zamani humu mnalijua, ile Corolla ya mwaka 1999 ambayo baba watoto aliuziwa na kaka yake kwa bei ya undugu. Injini haina neno. Ila taa za mbele, kwa muda mrefu, zilikuwa zinamulika chini, kama mtu aliyekaa msibani. Mjini huoni shida. Ukitoka Uyole kwenda Mwanjelwa kuna taa za maduka, kuna magari mengine, macho yanajazia yenyewe. Tulikuwa tunalalamika siku mbili, mvua ikikatika tunasahau.

Mwaka jana fundi mmoja hapa Mbeya alituambia globu zimechoka. Akatuuzia zile nyeupe za kisasa, elfu 45 jozi. Jamani ziliwaka! Kama ukumbi wa harusi. Lakini ziliwaka wapi? Hapo hapo mbele ya bampa, na mwanga mwingine ukawa unatawanyika hovyo, wenye malori wanatuwashia ful kwa hasira. Sasa najua kwamba kile kikombe cha ndani ya taa kimetengenezwa kwa globu ya aina yake. Ukiweka ya aina nyingine, mwanga hautui unapotakiwa. Wakati ule sikujua, nilijua tu elfu 45 imeondoka.

Dawa ya baba watoto ikawa kuendesha na ful muda wote. Ikija gari mbele anashusha dimu, ikipita anapandisha. Na shida iko hapo. Ful ilikuwa inamwonyesha njia kidogo, lakini sekunde ile anayoshusha, ndiyo sekunde anayopigwa mwanga wa mwenzie machoni, na dimu yake yeye haifiki popote. Anabaki kipofu huku gari linatembea.

Basi, tumepita Nyololo, tumepita Mafinga. Mwezi wa sita ule, baridi ya Mufindi mnaijua, na karibu na ile misitu ya Sao Hill kulikuwa na ukungu. Kwenye ukungu ful haikusaidii, mwanga unarudi usoni kwako kama unamulika shuka jeupe, kwa hiyo alikuwa anaenda na dimu, polepole, anafuata mstari wa pembeni. Ukungu ukaisha tukakaribia Ifunda, akaongeza mwendo kidogo, kama 60 hivi. Nyuma tulikuwa na gunia la mchele wa Kyela na mikungu ya ndizi ya msibani. Binti yangu mkubwa alikuwa amempakata mdogo wake wa miaka 3, amelala, bila mkanda. Ndiyo. Mimi nesi, ninayewaambia nyie kila siku. Nimeandika ili mnicheke vizuri.

Likaja lori la mbao. Baba watoto akashusha dimu. Barabara ikapotea.

Kisha nikaona miguu. Sikuona mtu, mama zangu, niliona miguu tu, kandambili mbili za bluu na pindo la kitenge, zinatembea pembeni ya lami kwa upande wetu. Nilipiga kelele, hata sijui nilisema nini. Breki, gari likayumba kulia, likarudi. Huku nyuma mtoto akateleza kutoka mapajani akagonga pua kwenye kiti cha mbele, damu hiyo. Tukasimama. Tumbo langu lilikuwa linatetemeka kama siku ya kwanza niliyoingia wodi ya majeruhi.

Nilishuka na tochi ya simu. Alikuwa mama, umri wangu tu, ameshukia mtaroni, ndoo imemwagika viazi, na mgongoni ana mtoto amefunikwa na kitenge cheusi. Mtoto hata hakuamka. Nikasema pole mara sijui ngapi. Yeye akanisalimia, "Kamwene", kama vile tumekutana sokoni, halafu akaketi chini kwenye nyasi na kunyamaza. Nikampapasa yeye na mtoto, hawakuguswa. Tuliokota viazi pamoja. Tulitaka kumbana kwenye gari tumpeleke, akakataa, nyumba yake ilikuwa inaonekana pale juu. Nadhani na mimi nisingepanda gari la watu walionikosakosa. Nilivua sweta langu jeupe la kazini nikamwambia mfunike mtoto kwa juu, uonekane. Akavaa, akaondoka. Nilikaa namwangalia mpaka sweta likapotea, na lilionekana mbali kuliko taa zetu zilivyokuwa zinafika.

Pua ya mtoto: nilimkalisha ameinamia mbele kidogo, nikambana pale palipo laini kwa dakika 10, damu ikakata. Usimlaze chali, atameza damu atapike. Hayo mengine nilishaandika mwezi wa tatu.

Kutoka pale mpaka Ipogolo tulienda 30, na binti mdogo akafungwa mkanda katikati. Hakuna aliyeongea.

Msiba ukaisha Jumapili. Jumatatu asubuhi nikamwambia baba watoto, hatutoki Iringa na taa hizi hata kwa mchana. Shemeji akatupeleka kwa mzee mmoja mwenye gereji ya chini ya mti Ipogolo. Mimi nilienda nimejiandaa kubishana kuhusu globu. Mzee hakugusa globu. Aliuliza kwanza, "Mama, gari limewahi kugongwa?" Nikakumbuka bajaji, miaka miwili nyuma, bampa ikarudishiwa na fundi wa rangi. Akafungua boneti, akaishika taa ya kulia kwa vidole viwili akaitikisa. Ilicheza kama jino la mtoto wa miaka 6.

Kumbe taa nzima inashikiliwa na masikio ya plastiki yanayofungwa na bolti kwenye bodi. Upande wa kulia masikio mawili yalikatika siku ya bajaji, na aliyerudishia bampa aliifunga taa kwa waya, akatukabidhi gari bila kusema. Kila tuta, kila rasta kati ya Uyole na Iringa, waya unalegea, taa inainama zaidi. Upande wa kushoto masikio ni mazima, ila ndani kuna skrubu ya kupandisha na kushusha mwanga, inakaa kwenye kinati cha plastiki. Kinati kimekauka kwa joto la miaka yote, kimepasuka, kwa hiyo kikombe cha ndani kimelala. Shida mbili tofauti, na kwa nje zote zinaonekana "taa hafifu".

Akasogeza gari mahali pa usawa, pua ikitazama ukuta wake ambao umejaa mistari ya chaki ya magari ya watu. Akahesabu mita 10. Nikatoa mkobani ule utepe wangu wa kupimia kichwa cha mtoto, akacheka sana. Katikati ya taa mpaka chini ilikuwa sentimita 66. Akapiga mstari ukutani kwenye urefu huo. Baba watoto akakaa kwenye usukani, kwa sababu uzito wa dereva nao unahesabika, akawasha dimu, tukaziba taa moja kwa gunia ili tuone nyingine.

Taa nzuri, mwanga wake wa dimu una ukingo wa juu unaoonekana ukutani, na kwa sisi tunaoendesha kushoto, upande wa kushoto unapanda kidogo ili kumulika watembea kwa miguu. Kwa mita 10, ukingo ule ushuke karibu sentimita 10 chini ya mstari. Wa kushoto ulishuka 30. Wa kulia, 50.

Hesabu nilifanya mwenyewe. Kushuka sentimita 50 kwa mita 10 ni sentimita 5 kila mita, na taa iko juu sentimita 66. Mwanga unagusa lami mita 13 mbele. Basi! Gari la 60 linakata karibu mita 17 kwa sekunde moja, yaani mguu haujafika kwenye breki umeshapita mwisho wa mwanga wako. Ikiwa sawa, unagusa lami mita 66. Na mzee akanimalizia: usiku ule gunia la mchele nyuma lilikuwa limekalisha gari, pua ikainuka, kwa hiyo mlikuwa mnaona vizuri kuliko hapa. Nilienda kukaa kwenye benchi.

Matengenezo yenyewe mimi kama nesi niliyafurahia. Alitoa taa ya kulia, akasafisha palipokatika, akachukua vipande vya waya mwembamba akavizamisha kwenye plastiki kwa ile pasi ya kulehemu, kimoja huku kimoja huku, kama nyuzi za kidonda. Akajazia plastiki ya bampa la zamani juu yake. Upande wa kushoto akatafuta kinati kwenye taa mbovu za stoo yake, kikaingia. Globu nyeupe akazitoa, akarudisha za kawaida, akanionya nisishike kioo cha globu kwa vidole, mafuta ya ngozi yanafanya ipasuke ikipata moto. Akarudi kwenye ukuta, bisibisi mkononi, akipandisha kidogo kidogo mpaka ukingo ukatulia. Ule unjano wa plastiki ya mbele akausugua kwa msasa wa maji, ingawa alisema utarudi asipopiga vanishi. Akapiga. Vyote elfu 35. (Dawa ya meno ambayo mnatumiana humu inang'arisha wiki chache tu, tuiachie meno.)

Kwa wenye magari ya zamani: jaribuni ukutani kwenu, usiku, upepo wa tairi ukiwa sawa na buti tupu. Kabla ya kumlaumu fundi, angalia kwanza kama kuna kile kigurudumu kidogo karibu na usukani chenye namba 0 na kuendelea. Namba ikiwa kubwa taa zinashuka, na vidole vya watoto vinakipenda. Halafu shika taa, itikise. Ikicheza, usinunue globu.

Na mnaokodi Noah ya kwenda kijijini usiku, mwambie dereva awashe dimu kabla hujapandisha watoto. Akinuna, anune.

Sikio la kulia mzee alisema litashika, ila tukipata taa nzima ya mtumba tubadilishe. Bado tunatafuta. Kila Jumapili jioni baba watoto anapeleka gari mbele ya geti, ambapo nimepiga mstari wa chaki, na wiki hii kulia kumeshuka kama vidole viwili, kwa hiyo Jumamosi tunarudi kwa fundi. Mdogo sasa anakaa na mkanda, analia mpaka Igawa halafu analala.

Mlioniuliza kuhusu mtoto anayekohoa usiku tu, sijawasahau. Alhamisi.