Mama Mwenye Kovu

Katika miaka yangu ya ukunga huko Karatu hapakuwa na shauri lililonitaka subira kuliko la mama ambaye mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa upasuaji na ambaye sasa, akiwa mjamzito tena, ataka kujua kama atazaa kwa njia ya kawaida au atarudi kisuni. Wengine hulikata shauri hilo kwa neno moja, ama la kutisha ama la kutumainisha. Mimi daima nilianza kwa kuuliza ni wapi mama huyo atakuwa amelala usiku uchungu utakapomshika.

Namkumbuka binti wa Kimaasai kutoka nyanda za juu za Ngorongoro, upande wa Nainokanoka, aliyeletwa kliniki na mumewe pamoja na mama mkwe. Yule bibi ndiye aliyetangulia kusema: "Sista, huyu asipasuliwe tena. Akipasuliwa kila mara, atazaa wangapi?" Sikulidharau neno lake hata kidogo, maana kila upasuaji huzidisha hatari kwamba kondo la mimba ijayo litajishikiza juu ya kovu na kuota ndani ya ukuta wa mfuko wa uzazi, damu ikawa haizuiliki, na katika aila inayotaraji watoto sita au saba, hatari hiyo haina budi kupimwa leo. Lakini kovu nalo huweza kuchanika wakati wa uchungu: likiwa la mkato wa mlalo, sehemu ya chini ya mfuko, hutokea kwa yapata mama mmoja katika kila 200 wanaojaribu, likiwa la wima, sehemu ya juu, ni wanne hata tisa katika kila 100, na mama wa kovu hilo haruhusiwi kujaribu abadan.

Nilimlaza, nikamtazama. Kovu lilishuka wima toka chini ya kitovu, limekakamaa kama uzi wa ngozi. Ila ngozi si shahidi wa kutegemewa, kwa kuwa daktari aweza kuipasua ngozi hivi na mfuko wa uzazi vingine. Kadi yake ilikuwa na neno moja tu, "upasuaji", na tarehe.

"Baba," nikamwambia mume, "kabla hatujasema lolote, nenda kule alikopasuliwa, uwaombe wakuandikie mkato ulikuwa wa namna gani, na sababu yake."

Alisita, kwani ng'ombe wake walikuwa mbali wakitafuta malisho. Kisha akaenda, na shukrani yangu kwake haijaisha hadi leo. Karatasi aliyoileta ilisema mkato wa mlalo, chini, na kwamba mtoto alikuwa ametanguliza makalio: yaani sababu ambayo si lazima irejee, tofauti na nyonga nyembamba. Tena mkato huo sio uliozaa ile kanuni ya kale: wakati daktari Edwin Cragin wa New York alipotamka mwaka 1916 kwamba aliyepasuliwa mara moja atapasuliwa daima, mikato mingi ilikuwa ya wima. Kanuni yake ikaendelea kunukuliwa hata baada ya mkato wa mlalo, alioupigania Munro Kerr wa Glasgow, kuenea duniani.

Ndipo nikawaambia kwamba ajaribu, ila si bomani. Kovu likichanika, mtoto hubakiwa na dakika chache, na njia ya kutoka kule huzunguka ukingo wa kreta, penye ukungu na nyati, kabla ya kuteremka hadi lango la Lodoare. Wakakubaliana akae kwa ndugu zao mjini Karatu tangu wiki ya 37, na mama mkwe akaja naye.

Mwezi huohuo mama wa Kiiraqw kutoka Rhotia, mwenye makovu mawili, alichagua upasuaji wa tatu na kufunga kizazi. Nikamuunga mkono kwa moyo wote, na waliomwita mwoga niliwakemea.

Uchungu wa yule binti ulipoanza, daktari msaidizi aliarifiwa na chumba cha upasuaji kikatayarishwa. Sikuruhusu dawa ya kuharakisha uchungu. Nilikaa na vidole vyangu juu ya kifundo cha mkono wake, kwa kuwa mapigo ya mama huweza kupanda kabla damu haijaonekana. Nikasikiliza moyo wa mtoto kwa pembe ya Pinard, na kila uchungu ulipoachia nikamwuliza kama pale kwenye kovu pamebaki maumivu. Kabla ya adhuhuri alijifungua mtoto wa kike, salama.

"Basi wa tatu atazaliwa bomani," akasema bibi kwa furaha.

"Hapana, Koko. Kovu bado lipo."

Nikaandika kwenye kadi aina ya mkato, sababu yake, na kwamba safari hii amezaa kwa njia ya kawaida lakini kila mimba azalie hospitali. Kisha nikamsomea mume maneno hayo yote kwa sauti, kwa sababu yeye ndiye atakayeuza kondoo wa nauli.