Kinyaa Nilichomvika Jirani

Nilimdhalilisha jirani yangu mbele ya mkutano wa kitongoji, tena kwa makusudi.

Nilikuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Liuli, kando ya Ziwa Nyasa. Nilikuwa nimejifunza kwamba mtu haachi kujisaidia ufukweni kwa kuelezwa habari za vijidudu. Ataacha akioneshwa inzi anayetoka kwenye kinyesi na kutua juu ya usipa, samaki wetu wadogo, ulioanikwa. Mbinu hiyo ya kuamsha kinyaa aliianzisha Kamal Kar huko Bangladesh karibu na mwaka 2000, na kweli watu walianza kuchimba vyoo.

Mimi sikuishia kwa inzi. Nilimnyooshea kidole mama mmoja, jirani yangu: "Usipa wake mnaununua. Watoto wake wanajisaidia wapi, mnajua?" Watu wakatema mate. Akajitanda kanga, akaondoka.

Mwanawe alipoanza kuharisha, hakumwambia mtu. Nguo za mtoto alizifua ziwani usiku, jirani kabisa na pale tunapochota maji. Nilipopata habari, macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Tulimwahisha hospitali, akapona. Lakini nyumba za jirani nazo zilikuwa zimeshaanza kuharisha.

Kinyaa ni mlinzi wa kweli, ila kinategemea macho na pua. Choo cha mgonjwa wa kipindupindu hufanana na maji yaliyooshewa mchele, wala hakinuki sana. Maji ya Nyasa yanang'aa hadi unaona mchanga chini; nani atayaonea kinyaa? Basi kinyaa nilichokiamsha kiliyapita maji, kikamng'ang'ania mama wa watu.

Valerie Curtis, mtafiti wa Uingereza aliyesoma kinyaa kwa miaka mingi, alishiriki kampeni ya kunawa mikono nchini Ghana. Tangazo la kampeni hiyo lilionesha mama akitoka chooni na rangi mikononi, rangi ikahamia kwenye chakula cha mtoto. Watazamaji waliionea kinyaa mikono yao wenyewe. Hakuna jirani aliyetajwa. Hapo ndipo nilipopaswa kusimama.

Nilikwenda kumwomba radhi. Alinipa kigoda, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kaka, ulinisema mkutanini. Na radhi kaiseme hukohuko."

Nimeisema. Bado wapo wasionunua usipa wake.