Maneno Chini ya Vishindo

Sauti kubwa si lazima iwe sauti inayosikika vizuri. Jambo hilo nilifundishwa chuo cha ualimu kabla sijaingia darasani hata siku moja. Mkufunzi wetu alituonya kwamba mwalimu anayeshindana na kelele za wanafunzi kwa kupaza sauti huongeza kelele moja juu ya nyingine, na mwisho wa kipindi koo limemkauka na somo halijaingia. Baadaye nilifundisha miaka mingi, kisha nikawa mwalimu mkuu, wala sikuona siku onyo hilo lilipokosa ukweli. Sasa nimestaafu, umri wangu umevuka sabini, nami hulikumbuka kila jioni mbele ya televisheni.

Bila shaka nawe msomaji umekutana na adha hii. Watu wawili katika filamu wananong'ona, na siri yote ya hadithi imo katika mnong'ono huo. Unaongeza sauti. Mara bunduki zinalia, gari linalipuka, vioo vya madirisha vinatetemeka na mtoto aliyelala anashtuka. Unapunguza. Wale wawili wanarudi kunong'ona, nawe huambulii neno. Mtu hukaa na rimoti mkononi akipandisha na kushusha, na starehe yenyewe haipo.

Chanzo chake kinaeleweka. Filamu nyingi kubwa hutengenezwa kwanza kwa ajili ya ukumbi wa sinema, mahali penye utulivu na spika za nguvu. Vipimo vya kumbi hizo huruhusu kila spika kuu ya mbele kufikia desibeli 105 kishindo kinapofika kileleni, ilhali maongezi ya kawaida ya watu ni takriban desibeli 60. Kila zinapoongezeka desibeli 10, sikio huona sauti imekuwa kubwa takriban mara mbili. Basi toka 60 hadi 100 ni kuzidisha kwa mbili mara nne, yaani kishindo huwa kikubwa mara 16 kuliko neno. Sebuleni kwetu feni inazunguka, mvua inapiga mabati na bodaboda zinapita. Neno la chini huzama kabla halijafika.

Liko na jambo la pili. Mwaka 1992 filamu ya Batman Returns ilikuwa ya kwanza kuonyeshwa kwa mfumo wa Dolby Digital, ambao hugawa sauti katika njia sita: tatu za mbele, mbili za pembeni na moja ya mingurumo mizito. Maongezi aghalabu hupitishwa katika spika ya katikati. Nyumbani wengi wetu hatuna spika ya katikati. Tuna televisheni nyembamba yenye spika mbili ndogo zinazotazama chini au nyuma, na pengine sabufa inayovuma chini ya meza. Hapo neno na kishindo hulazimika kupita mlango mmoja, na mwenye nguvu hutangulia. Hata vijana wenye masikio mazima hulalamika. Filamu ya Tenet ya Christopher Nolan ilipotoka mwaka 2020, watazamaji wengi walisema maneno yalimezwa na muziki na vishindo.

Kwetu sisi wazee mzigo huwa mara mbili. Uzee huanza kuchukua sauti nyembamba, na hizo ndizo zinazobeba konsonanti kama s, f na t. Irabu hubaki. Mwalimu aliyepata kusomesha imla ataelewa mara moja hasara yake: taa, saa, paa na faa zote huwa "aa" tu. Zaidi ya hayo, sikio lililochoka halisikii sauti ndogo, lakini sauti kubwa huliumiza upesi kama zamani. Ndiyo maana mzee huomba uongeze, na dakika hiyohiyo hulalama kwamba unapiga kelele. Hana ukaidi. Nafasi kati ya asichosikia na kinachomuumiza imekuwa finyu.

Nayaandika haya kwa sababu nimeona matokeo yake. Mzee huuliza, "Amesema nini?" Hujibiwa mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa mkato, mara ya tatu huambiwa, "Basi tu, Babu." Mara ya nne haulizi. Hucheka wenzake wanapocheka. Mimi mwenyewe nimecheka hivyo, bila kujua kilichochekesha. Baadaye huaga mapema akalale, na nyumba nzima hudhani amechoka.

Mjukuu wangu wa kike ndiye aliyenirudisha sebuleni. Alifungua mipangilio ya televisheni, akawasha kile kinachoitwa hali ya usiku, ambacho hushusha vishindo na kupandisha sauti za chini, zikakaribiana. Akapunguza besi na kuiteremsha sabufa. Akachagua sauti ya spika mbili badala ya sita, ili maongezi yasipelekwe kwenye spika tusiyokuwa nayo. Mwisho akawasha maandishi chini ya picha. "Babu, sasa?" akauliza. Sauti kwa jumla haikuongezeka hata kidogo, nami nikawa nayapata maneno.

Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Vishindo vina mahali pake, na filamu ya vita isiyo na mizinga ingekuwa kichekesho. Lakini hadithi hubebwa na maneno. Basi enyi vijana, kabla hamjamwambia mzee kwamba masikio yake yamekwisha, mwulizeni ni neno gani lililompita. Kisha shusheni kishindo, badala ya kupandisha kila kitu.