Alienda California Kusema ya Kwao, Akarudi na Kesi ya Dada Yake

Huyu mdada ni mwanaharakati wa haki za wasichana, jina kapuni. Wapo waliomuona kwenye ile klipu ya 2023: kitenge cha bluu, jukwaa la chuo kimoja huko California, machozi yanamtoka na ukumbi mzima umesimama kumpigia makofi. Ilizunguka weee mpaka ikaingia magrupu ya familia. Ila kilichotangulia yale machozi na kilichofuata, klipu haina.

Alienda na sheria, hakwenda na machozi. Kwenye begi alikuwa na kurasa tatu alizoziandika usiku kucha. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, mvulana anasubiri 18. Mahakama ikiridhia, hata 14. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema hapana, hiyo inapingana na Katiba. Serikali ikakata rufaa, na 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Alipopanda ndege 2023, sheria ilikuwa bado haijaguswa.

Na kuna kitu kinachowachanganya hata watu wa hapahapa. Mwaka huohuo 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa: ukimuoa mwanafunzi, miaka 30 jela. Safi kabisa. Sasa chukua mtoto aliyemaliza la saba, hakuchaguliwa kuendelea, yuko nyumbani anachota maji. Huyo si mwanafunzi tena. Ana miaka 15, baba karidhia, bwana harusi analala kwake usingizi mnono. Wasichana wawili wa rika moja, kijiji kimoja, mmoja analindwa na mwenzake hapana, tofauti ni jina kuwepo kwenye rejista ya shule. Hiyo ndiyo hoja aliyovuka nayo bahari.

Dakika ya tano akaona watu wanachezea simu. Mwendesha mjadala, mama mpole tu, akamkatiza: "Hayo tumeyapata. Tuambie yako wewe."

Ya kwake hakuwa nayo. Alikuwa na ya dada yake.

Akasema. Mwaka 2002, kijijini huko Kahama, dada mtu ana miaka 15. Ng'ombe wameingia zizini jioni, mama yuko kimya jikoni, dada anaondoka na mfuko mmoja wa nguo. Yeye alikuwa na miaka 12, akabaki na kitanda peke yake. Hapo ndipo machozi yalipomshika, na yalikuwa ya kweli, wanaosema aliigiza waache.

Baada ya makofi, mzee mmoja mwenye mvi akauliza kwa huruma kabisa kwa nini watu wa kwao wanawafanyia hivyo mabinti. Mdada akafuta uso, akamrudishia swali: "Hapa California binti anaolewa kuanzia miaka mingapi?" Kimya. Mwanafunzi mmoja akaingia mtandaoni, akasoma kwa sauti ya chini: hakuna umri wa chini uliowekwa, mzazi akikubali na jaji akiruhusu. Mwingine akaongeza kwamba jimbo la kwanza Marekani kupiga marufuku kabisa ndoa chini ya miaka 18 ni Delaware, tena 2018 tu. Miaka miwili baada ya ile hukumu ya Dar. Yule mzee akakaa. Hiyo ilikuwa sehemu tamu kuliko zote, na waliokata klipu ndiyo waliyoitoa.

Nyumbani mvua ya komenti ikanyesha. Kibaraka wa mabeberu. Anatafuta kiki. Posho imeingia, sasa tulie wote. Hizo alizizoea, alizisoma kwenye foleni ya Ubungo akacheka. Kilichomkata ni ujumbe wa sauti kutoka Kahama, hata dakika haukufika.

"Mdogo wangu, mwanangu kaja kuniuliza kama ni kweli mimi nilinunuliwa. Nimekosa la kumjibu. Umenisema kama mtu aliyekufa. Mimi nina duka, nina wanangu, nipo. Na wale ng'ombe, mbona hukuwaambia waliishia wapi?"

Waliishia kwake. Mwaka 2004 alipoanza kidato cha kwanza, baba aliuza wawili kwa ajili ya ada. Mwaka uliofuata mwingine. Kiingereza alichohutubia nacho California kilitoka kwenye zizi lile. Alilijua hilo siku zote, na kwenye jukwaa alilikata mwenyewe, kabla hata ya wale wa klipu kuanza kukata ya kwao. Wiki nzima hakujibu ule ujumbe. Anaandika, anafuta.

Halafu ukaja mwaliko mwingine, Ujerumani. Akawaandikia kwamba safari hii atazungumzia sheria tu. Wakajibu kwa adabu zote: wageni wao huguswa zaidi na simulizi binafsi, angeweza kulifikiria? Angekataa, na kuna wenzake wangemsifu. Lakini nafasi ile angepewa mwingine, na habari ya mtoto wa la saba isingefika.

Akapanda basi la alfajiri kwenda Kahama. Dukani alikaribishwa kigoda, hakukaribishwa maneno. Dada anapima mbegu, anahesabu chenji, anasalimiana na wateja. Palipotulia, mdada akasema, "Dada, nisamehe. Nimekuja na karatasi. Nikusomee, ukikataa naichana hapahapa."

"Soma."

Akasoma. Ndoa, zizi, ada, duka. Mteja akiingia anasimama, akitoka anaendelea. Dada hakumtazama, alikuwa anafunga mifuko kwa uzi. Alipofika kwenye mahari, mkono ukasimama.

"Kumi na wawili nani kakwambia? Walikuwa kumi na wanne. Futa hapo, andika vizuri."