Mama, Kyoto na Osaka

Mama alipopata viza, nilibandika karatasi kwenye mlango wa jokofu langu, hapa Nagoya, nikapiga mstari katikati. Kushoto niliandika Kyoto, kulia nikaandika Osaka. Alikuwa anakuja kwa wiki mbili, lakini likizo niliyopewa kazini ilikuwa ya siku nne tu, na siku hizo nne nilitaka tulale mji mmoja. Magoti ya mama hayawezi tena mambo ya kubeba mabegi kila kukicha.

Ukiangalia ramani utashangaa kwa nini nilihangaika. Kati ya stesheni za miji hiyo miwili kuna kilomita 40 na kitu, kama kutoka Dar es Salaam kwenda Kibaha ukaongeza kidogo. Treni ya kawaida ya haraka inakufikisha kwa nusu saa, Shinkansen kwa robo saa. Lakini Wajapani wenyewe huisema miji hii kama watoto wa tumbo moja wasiofanana tabia. Wana msemo wa zamani kwamba mtu wa Kyoto hufilisika kwa mavazi, na mtu wa Osaka hufilisika kwa kula.

Upande wa Kyoto ulijaa upesi. Ulikuwa makao ya mfalme tangu mwaka 794, kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mwaka 1945 ulikuwa kwenye orodha ya miji ya kupigwa bomu la atomiki, na Henry Stimson, waziri wa vita wa Marekani, ndiye aliyeshikilia uondolewe. Kwa hiyo nyumba za mbao bado zipo, na mahekalu bado yapo. Tena ilikuwa Novemba, mwezi ambao majani ya mieipo hugeuka mekundu, na picha ni zile ambazo mtu akizituma kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, hata mashangazi wasioongea huweka moyo.

Upande wa Osaka niliandika vitu vitatu: chakula, soko, ngome ya zege. Hiyo ya mwisho niliiandika kwa dharau. Ngome maarufu ya Osaka ukiitazama kwa mbali unaona enzi za samurai, lakini mnara wake wa sasa ulijengwa mwaka 1931, kwa zege, na ndani una lifti. Mji wenyewe ulichomwa kwa mabomu mwezi Machi 1945, na kilichoinuka baadaye ni majengo, barabara za juu na mabango ya taa. Niliona nimtoe mama Feri, nimsafirishe maelfu ya kilomita, nimpeleke kwenye kelele nyingine? Hapana.

Niseme ukweli, nilikuwa na deni. Baba alifariki wiki ya kwanza ya Mei 2020, wakati ndege za kuingia nchini kwetu zilikuwa zimesimama. Nilihudhuria maziko ya baba yangu nikiwa nimekaa sakafuni, simu nimeiegemeza kwenye birika la umeme. Mdogo wangu ndiye aliyeshika simu upande wa pili. Nilimwona padri, nikaona viatu vya watu, nikaona jeneza linaanza kushushwa, halafu picha ikakatika. Nilipiga tena mara kumi na tano. Usiku mdogo wangu akaniambia, "Mtandao, dada." Mimi na mama hatukuwahi kuizungumzia siku ile. Tuliongea kila Jumapili, tukaongelea bei ya jodari, paa la uani, ada za wapwa. Lile hatukuligusa. Nilijiambia kwamba siku nitakayomleta, nitampeleka mahali pazuri kuliko pote, na hapo labda nitakuwa nimelipa.

Jumapili moja nikampigia nimpe habari.

"Huko Kyoto kuna nini?" akauliza.

"Mahekalu, mama. Mazuri sana."

"Mangapi?"

"Zaidi ya elfu moja."

Akanyamaza kidogo. "Na huko kwingine?"

"Huko watu ni kula tu na kufanya biashara."

"Sasa wewe," akasema, "unaniuliza nini?"

Mama ameuza samaki Feri kwa miaka 31. Alianza na beseni moja la dagaa la kukopa. Anaujua mnada wa alfajiri kama wengine wanavyoijua misa. Mimi nimesomeshwa na mikono ile yenye makovu ya magamba, na bado nilikuwa nimekaa naandika soko kwenye upande wa kushindwa.

Hata hivyo sikukubali mara moja. Kilichoniangusha ni bei. Vyumba vya Kyoto wakati wa majani mekundu vilikuwa mara mbili ya vile vya Osaka, na mabasi ya mji hujaa watalii kiasi kwamba wenyeji hawapati pa kupanda. Mwaka huo, 2023, mji ulikuwa umeacha kuuza tiketi ya basi ya siku nzima ili kupunguza msongamano. Nikaifikiria ile miteremko na ngazi za kwenda Kiyomizu, nikayafikiria magoti. Nikakata chumba Osaka kwa usiku tatu, nikaacha siku moja ya kwenda Kyoto na kurudi. Nilifanya hivyo kwa shingo upande.

Asubuhi ya kwanza tulikwenda Kuromon, soko lililofunikwa paa, lenye urefu wa zaidi ya nusu kilomita. Siku hizi watalii ni wengi na bei ni za watalii, nami nilishajiandaa kuomba radhi. Mama hakunisikiliza. Aliweka mikono nyuma, kama mkaguzi, akaanza kupita meza moja moja, akiwatazama samaki machoni.

"Huyu wa leo," alisema. "Huyu wa jana. Huyu wamemlaza vizuri, ona barafu ilivyowekwa chini ya tumbo. Sisi tunamwaga juu tu."

Alisimama muda mrefu mbele ya muuzaji mmoja mzee aliyekuwa anakata jodari. Yule mzee alipoona anavyotazama kisu, akapunguza mwendo ili aone vizuri. Hawakuwa na neno hata moja la pamoja. Mama akaniambia nimwambie kwamba yeye pia ni mtu wa samaki. Nilipotafsiri, mzee akafuta mikono, akainama, akasema kitu ambacho mwanzoni sikukipata kwa sababu ya lafudhi ya Osaka. Kumbe alikuwa anatania kwa salamu ya wafanyabiashara wa zamani: "Mokari makka?" Yaani, unapata faida? Vijana hawaitumii tena. Jibu lake ni "bochi bochi denna", hivyo hivyo tu.

"Mwambie Mungu anasaidia," mama akasema.

Jioni tulikula takoyaki kando ya mfereji wa Dotonbori: vidonge vya unga vya moto vyenye kipande cha pweza ndani, chakula kilichozaliwa Osaka. Vidonge vinane kwa karibu shilingi 10,000 za kwetu. Mama alikitoa kipande cha pweza kwa kijiti akakitafuna peke yake kwanza. Nikamwambia kwamba pweza wengi wanaoliwa Japani hutoka Afrika, Mauritania na Moroko. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Basi na huyu kapanda ndege kama mimi. Ila hawakumponda vya kutosha."

Siku ya pili ilikuwa ya ngome. Nikamweleza kabla hatujafika kwamba si ya kale, asije akadanganyika. Nikamwambia ile ya mwanzo iliungua, ikajengwa nyingine ikaungua nayo, na hii ya 1931 wakazi wa mji ndio waliochanga fedha.

"Walichanga wenyewe?"

"Ndiyo."

"Sasa si ya kale vipi? Kitu watu wamekichangia ni chao." Akaingia kwenye lifti akiwa ameridhika kabisa.

Tukiwa juu nikamwonyesha upande wa Dojima. Chuoni tulifundishwa kwamba huko, mwaka 1730, wafanyabiashara wa mpunga walipata ruhusa rasmi ya kuuziana mchele ambao bado haujafika, na kwamba wengi huliona kama soko la kwanza duniani la aina hiyo. Nililieleza kwa majivuno kidogo, kama msomi. Mama akaniuliza kama sikumbuki yeye anavyomtangulizia nahodha hela ya mafuta, analipia samaki ambao bado wako baharini. Nilikumbuka. Nilikuwa nabeba zile hela mimi, nimezikunja kwenye soksi.

Siku ya tatu ndiyo ilikuwa ya Kyoto. Tulipanda treni ya Keihan, inayofuata bonde la mto Yodo. Maji ya mito ya Kyoto huishia kwenye mto huo na kumwagika ghuba ya Osaka, na zamani mashua zilipanda na kushuka humo na abiria na mizigo. Niliachana na orodha yangu ya mahekalu, nikachagua mahali pamoja tu: Fushimi Inari, kwa sababu stesheni iko karibu na lango na hakuna kiingilio.

Ni mlima mdogo wenye njia zilizofunikwa na maelfu ya malango ya mbao, ya rangi nyekundu inayoelekea machungwa, moja nyuma ya jingine mpaka yanakuwa kama handaki. Inari alikuwa wa mpunga kwanza, kisha akawa wa biashara. Kila lango limetolewa na mtu au kampuni iliyoomba mambo yaende vizuri, au iliyokuja kushukuru. Ukipanda huoni maandishi. Ukigeuka kushuka ndipo unayaona, nguzo moja ina jina, nguzo ya pili ina tarehe.

Hatukufika mbali. Mama alisema magoti yamesema basi, tukageuka. Hapo akayaona maandishi, akataka nimsomee. Nikaanza: hii ni kampuni ya ujenzi, huyu ana mgahawa. Alifurahi sana. "Kumbe ni wachuuzi watupu," alisema. Alinyoosha kidole kwenye nguzo nyingine bila kuchagua. "Na hii?"

Nikasoma kabla sijafikiri. "Mwaka wa pili wa Reiwa, mwezi wa tano, siku njema."

"Ndiyo mwaka gani huo?"

"Elfu mbili na ishirini."

Watu walikuwa wanapita na kamera. Mama aliishika ile nguzo, nikataka kumwambia haifai kushika, sikusema.

"Mwezi wa tano," alisema. "Siku njema gani?"

Nikamweleza kwamba hawaandiki siku yenyewe, ni desturi, huandika tu kwamba ilikuwa siku ya heri. Alisogea pembeni, akakaa kwenye ukingo wa jiwe, nami nikakaa naye. Kwa muda alikuwa anasugua goti.

"Mtandao haukukatika," alisema.

Sikuelewa.

"Siku ya baba yako. Mimi ndiye niliyemwambia mdogo wako azime. Nilikuona humo kwenye simu, peke yako, chumba hakina mtu. Hapa mimi nilikuwa nimeshikwa huku na huku. Wewe hukuwa na mtu wa kukushika. Nikasema udongo huu hatauona akiwa peke yake."

Miaka mitatu na nusu nilikuwa nimeuchukia mtandao. Nilitaka kumwambia kwamba haikuwa haki yake kuamua, na bado nadhani haikuwa. Nilitaka pia kumwekea kichwa begani. Nilichomwambia ni kwamba nilipiga mara kumi na tano.

"Najua," alisema. "Nilikuwa nazihesabu."

Tulikaa hapo mpaka baridi ikaanza kutuingia. Aliniambia alirudi Feri siku ya tisa, na kwamba kuna watu walimsema. Sikuwa najua. Nikamwambia mimi nilirudi kwenye mtihani siku ya nne. Hakujua. Kabla hatujaondoka akaniomba nipige picha ya ile nguzo, si yeye akiwa mbele yake, nguzo tu.

Kiyomizu hatukuiona, wala lile hekalu lililopakwa dhahabu. Saa kumi na moja tulikuwa kwenye treni ya kurudi Osaka, mama amelala, mdomo wazi, na usiku ule alikula bakuli mbili za tambi.

Marafiki wakiniomba ushauri siku hizi, nawaambia walale Osaka. Nawapa sababu za kawaida: bei, treni, chakula. Mdogo wangu aliisafisha ile picha na mama akaitundika sebuleni, karibu na picha ya baba. Wageni humuuliza maandishi yale yanasemaje.

"Mwezi wa tano," huwajibu. "Siku njema."